Mwani unaochafua ziwa, mwani unaolisha matumbawe laini

Mwalimu wa biolojia anayefundisha sekondari wilayani Ilemela, Mwanza, ameniandikia hivi:

"Shikamoo Daktari. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba matumbawe laini yanalishwa na mwani unaoishi ndani ya miili yao. Darasa zima likapinga. Hawa ni watoto wa ziwani. Mwani wanaoujua ni ule unaogeuza maji ya Ghuba ya Mwanza kuwa ya kijani, unanuka, na sato waliomo kwenye vizimba wanakufa. Wakauliza: kitu kinachoua huku kinalishaje kule? Na kama tumbawe linapata chakula kutoka ndani, mdomo ni wa nini? Mmoja akamalizia kwa kuuliza kwa nini Ziwa Victoria halina matumbawe. Naomba unisaidie, maana sikuwa na majibu ya kuwatosheleza."

Marahaba, Mwalimu. Wanafunzi wako wameuliza jambo ambalo wanasayansi wa bahari walilibishania kwa miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya jibu imepatikana siku za karibuni tu. Niwape kiini chake mapema: mwani unalisha tumbawe kwa sababu unaishi kwenye uhaba wa nitrojeni. Ndani ya mwili wa tumbawe mwani una mwanga wa kutosha na unatengeneza sukari nyingi, lakini hauna mbolea. Ghuba ya Mwanza ina mbolea kupita kiasi. Tofauti wanayoiulizia inaanzia hapo.

Tuwatenganishe kwanza wahusika. Ule ukijani unaotanda ghubani upepo ukitulia, kwa sehemu kubwa si mwani halisi. Ni sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, wakiwemo wale wa jenasi ya Microcystis. Wanaoishi ndani ya matumbawe ni viumbe wengine kabisa. Ni dinoflajelata, viumbe vya seli moja vyenye rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia, na kwa mazoea vinaitwa zooksantela. Mjapani Siro Kawaguti alivikuza nje ya mwili wa tumbawe na kuvitambua mwaka 1944. Leo viko katika familia ya Symbiodiniaceae, ambayo mwaka 2018 ilipangwa upya katika jenasi kadhaa. Seli moja ina upana wa maikromita 10 hivi, kwa hiyo mia moja zikipangwa mstari zinajaza milimita moja, na katika sentimita moja ya mraba ya tumbawe zinaweza kuwemo milioni moja au zaidi. Rangi ya kahawia unayoiona kwenye matumbawe laini mengi ya maji ya kina kifupi si ya mnyama, ni ya mwani wake.

Tumbawe laini lenyewe ni mnyama wa ukoo mmoja na konyeza. Linaishi kwa kundi: polipu nyingi, yaani wanyama wadogo wadogo, zimeungana kwenye nyama moja, na chakula kinachopatikana kwenye polipu moja husafiri kwa vijinjia vya ndani hadi kwa nyingine. Kila polipu ina mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri minane, na kila mnyiri una vijitawi vifupi pande zote mbili. Matumbawe magumu, yale yanayojenga mwamba, yana minyiri sita au mafungu ya sita, isiyo na vijitawi. Laini hayana mifupa ya jiwe. Yana vipande vya chokaa vidogo mno vilivyotawanyika ndani ya nyama, ndiyo maana yanayumba na maji.

Mwalimu akipata nafasi ya kufika visiwa vya Chumbe au Mafia, baharini, avae miwani ya kuogelea na kuelea juu ya Sarcophyton, tumbawe laini lenye kichwa kipana juu ya shina nene. Polipu zikiwa zimetoka, huoni ngozi kabisa. Uso wote umejaa minyiri myeupe inayoelekea kahawia, ikitikisika kwa pamoja. Likisumbuliwa, polipu zinaanza kuzama ndani ya nyama, eneo moja kisha la jirani, mpaka inabaki ngozi tupu yenye vitundu, na mtu asiyejua angedhani ni kipande cha ngozi ya mnyama kilichotupwa baharini. Wakati mwingine Sarcophyton hubaki limefunga hivyo kwa siku kadhaa bila kusumbuliwa na mtu. Utando mwembamba unaong'aa hujitengeneza juu yake, uchafu na vimelea vya mwani wa nje vinanata hapo, kisha utando wote unabanduka na kuchukuliwa na maji. Chini yake kuna uso safi, na polipu zinatoka tena. Ni usafi, na usafi huo una maana kubwa kwa mnyama anayetegemea mwanga upenye ngozi yake.

Sasa tufike kwenye mabishano. Mwingereza C. M. Yonge aliongoza msafara wa utafiti wa Great Barrier Reef, Australia, mwaka 1928 hadi 1929. Aliwaona wanyama hawa wakikamata viumbe wadogo na kuwameng'enya, akahitimisha kwamba matumbawe ni walanyama tu, na kwamba faida ya mwani ni kuondoa takataka za mwilini. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 1958, Leonard Muscatine na Cadet Hand walimweka anemoni wa baharini, ndugu wa matumbawe mwenye mwani, kwenye mwanga na maji yenye kaboni ya mnunurisho inayoweza kufuatiliwa. Kaboni ile iliingia kwenye mwani, na baadaye ikakutwa ndani ya nyama ya mnyama. Ushahidi wa chakula kuhama kutoka kwa mwani kwenda kwa mwenyeji ukawa mezani. Mwaka 1967 Muscatine akaongeza jambo ambalo mimi naliona la ajabu zaidi: mwani uliotolewa kwenye tumbawe, ukiwa peke yake kwenye chombo, huachia chakula kidogo tu. Ukichanganywa na nyama iliyosagwa ya mwenyeji wake, unaanza kumwaga gliseroli kwa wingi. Kuna kitu mwilini mwa mnyama kinachousukuma utoe.

Yanayoendelea ndani ya seli ni haya. Mwani haukai kwenye tumbo la polipu wala juu ya ngozi. Unakaa ndani kabisa ya seli za ukuta wa tumbo, kila mmoja ndani ya kifuko chake cha utando. Tumbawe husukuma asidi kwenye kifuko hicho, na vipimo vimeonyesha pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya kama 4, kali kuliko mtu angetarajia ndani ya seli hai. Asidi hiyo hugeuza bikaboneti, ambayo iko nyingi baharini, kuwa kabonidayoksaidi, na mwani huitumia papo hapo kwa usanisinuru, yaani kutengeneza sukari kwa mwanga. Kwa hiyo mnyama analipa gharama ili mwani wake usikose malighafi. Mwani kwa upande wake unaachia glukosi, gliseroli, mafuta na baadhi ya asidi amino. Kwenye mwanga mzuri, kiasi kinachohamia kwa mnyama kinaweza kupita asilimia 90 ya kaboni yote ambayo mwani umeinasa.

Kwa nini kiumbe akubali kutoa kiasi hicho? Hapa ndipo ningemwomba mwalimu akae na darasa kwa muda. Seli haigawanyiki kwa sukari peke yake. Ili iwe mbili, lazima itengeneze protini na asidi za kiini, na hivyo vinahitaji nitrojeni na fosforasi. Mwani ulio ndani ya tumbawe una mwanga na kaboni, lakini nitrojeni inaufikia kwa kipimo kidogo. Mashine ya kutengeneza sukari inaendelea kuzunguka kwa sababu jua halizimwi, ila kiwanda cha protini kimekosa mali. Sukari inazidi, na ziada hiyo ndiyo anayokula mnyama.

Na mnyama anahakikisha hali hiyo inadumu. Kama mlanyama yeyote, anapomeng'enya protini hubaki amonia, ambayo kwa mwani ni mbolea safi. Lakini tumbawe linachukua sukari lililopewa na mwani na kuitumia kuinasa amonia hiyo tena, likaigeuza kuwa asidi amino zake lenyewe kabla mwani haujaifikia. Kadiri sukari inavyoingia nyingi, ndivyo nitrojeni inayobaki kwa mwani inavyopungua. Na kadiri nitrojeni inavyopungua, ndivyo sukari inavyozidi kuachiwa. Mzunguko unajiimarisha wenyewe. Sijui mfano mwingine katika biolojia ya bahari unaonivutia kuliko huu.

Ukiuharibu mzunguko huo, kila kitu kinageuka. Nils Rädecker na wenzake walionyesha mwaka 2021, kwa kutumia tumbawe gumu la Stylophora pistillata, kwamba joto likipanda mahitaji ya nishati ya mnyama yanaongezeka mpaka anaanza kuchoma asidi amino zake. Amonia inamwagika ndani ya seli. Mwani unaipata, unaanza kujikuzia mwili, na sukari unaibakiza. Tumbawe linakuwa limeshaingia kwenye njaa wakati rangi yake bado ipo, kabla hata ya kupauka, yaani kupoteza mwani wake na rangi. Mwani ni uleule, mwili ni uleule. Kilichobadilika ni nani anapata nitrojeni.

Sasa wanafunzi wako waitazame ghuba yao kwa jicho hilo. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kumwagia ziwani maji ya makaro na ya mitaroni. Mashamba yanapeleka udongo na mbolea kila mvua inaponyesha. Fosforasi inajaa, na kwa nitrojeni, baadhi ya sainobakteria wanaweza kuinasa wenyewe kutoka kwenye hewa iliyoyeyuka majini. Hakuna mnyama anayewabania chochote. Sukari wanayotengeneza wanaigeuza yote kuwa miili mipya, wanaongezeka mpaka wanazibiana mwanga, wanakufa, na wanapooza bakteria wengine hutumia oksijeni ya maji. Usiku usanisinuru unapokoma, wote wanapumua na hakuna anayezalisha oksijeni. Alfajiri ndipo maji yanakuwa na oksijeni ndogo kabisa. Samaki aliye huru anaweza kuhama. Sato wa kwenye kizimba hana pa kwenda.

Kwa hiyo waambie: sheria ni moja. Chakula cha tumbawe ni sukari ambayo mwani umeshindwa kuitumia kwa kukosa mbolea. Ukiipeleka mbolea hiyo kwenye mwamba wa matumbawe kwa njia ya maji machafu, utayaona matumbawe yakidhoofika, na yakipatwa na joto yanapauka mapema zaidi.

Swali la mdomo linajibika kutokana na hayo. Sukari inampa mnyama nguvu za siku, lakini haina nitrojeni wala fosforasi. Nyama mpya, mayai, na kujitibu jeraha vinahitaji protini, na hiyo lazima ikamatwe kutoka nje. Tatizo la matumbawe laini ni kwamba silaha zao ni dhaifu. Seli zao za kuchomea ni ndogo na chache, hivyo kiumbe mwenye nguvu ya kuogelea anachomoka. Wanachokipata ni vile visivyo na mbio: mayai, viluwiluwi vya konokono na chaza, chembechembe za mabaki, bakteria, na planktoni za mimea, yaani vijimea vidogo mno vinavyoelea majini. Hapa vile vijitawi vya minyiri vinafanya kazi, na watu wa ziwani watanielewa upesi: nyavu za sangara haziwezi kuleta dagaa, tundu zake ni kubwa mno. Minyiri ya tumbawe gumu inakamata windo kubwa zaidi. Minyiri yenye vijitawi ya tumbawe laini ina tundu ndogo, imetengenezwa kwa windo dogo.

Mwamba wa matumbawe hupata chakula kingi zaidi usiku, planktoni za wanyama zinapopanda kutoka kilindini. Wavuvi wa dagaa wa Igombe na visiwani wanaijua tabia hiyo bila kuisoma, kwa sababu ziwani nako vijidudu vya majini hupanda gizani na dagaa wakawafuata. Ndiyo maana taa zinawashwa usiku usio na mbalamwezi. Matumbawe magumu mengi hufunga mchana na kufungua usiku. Matumbawe laini mengi yenye mwani hulazimika kutoa polipu mchana pia, maana nyama ikijikunja mwani unajifunika na usanisinuru unashuka.

Katharina Fabricius na David Klumpp waliupima usanisinuru huo kwa matumbawe laini ya kawaida ya Great Barrier Reef, wakachapisha mwaka 1995. Walikuta mengi yao hayatoshelezwi na mwani peke yake, hasa kadiri kina kinavyoongezeka. Kwa hiyo ile sentensi ya vitabuni kwamba matumbawe yanaishi kwa jua, ukiielekeza kwa matumbawe laini, inahitaji kurekebishwa: mengi yanaishi kwa jua na kwa mawindo, na yakikosa kimoja yanakonda.

Yapo pia yaliyouacha mwani kabisa. Dendronephthya, yenye rangi za waridi, nyekundu na zambarau, haina hata seli moja ya zooksantela, ndiyo maana inaweza kukaa chini ya mabamba ya mwamba na kwenye kivuli. Mwaka huohuo wa 1995 Fabricius, Yehuda Benayahu na Amatzia Genin walionyesha katika Bahari ya Shamu kwamba Dendronephthya hemprichi inaishi hasa kwa planktoni za mimea, na windo la wanyama linachangia sehemu ndogo sana. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba wanyama wa ukoo huu hawali mimea. Sharti lake ni mkondo wa maji usiokoma. Mahali maji yamesimama, Dendronephthya inakufa njaa. Watu wanaozifuga kwenye matangi huzipoteza kwa sababu hiyo.

Na kuna Xenia na ndugu yake Heteroxenia, ambao polipu zao hufunga na kufunua minyiri mchana na usiku bila kuguswa na chochote. Wengi walidhani wanasukuma chakula mdomoni, lakini matumbo yao mara nyingi hukutwa matupu. Mwaka 2013 Maya Kremien na wenzake waliipima Heteroxenia fuscescens na kueleza sababu: oksijeni inayotengenezwa na mwani hujikusanya karibu na minyiri, na ikizidi inauzuia usanisinuru wenyewe. Kila pigo la minyiri linaifagia oksijeni hiyo. Mnyama anatumia misuli yake, yenye gharama, kuufanya mwani wake ufanye kazi vizuri zaidi.

Mwani huo tumbawe huupata vipi? Aina chache hurithi kutoka kwa mama kupitia yai au kiluwiluwi. Nyingi huzaliwa bila mwani na kuumeza kutoka majini, na seli zinazokubalika hazimeng'enywi.

Likija joto, nyuzijoto moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, likidumu kwa wiki kadhaa, linatosha kulipausha tumbawe. Mwaka 1998 joto la bahari lililoletwa na El Niño liliyapausha matumbawe karibu ukanda wote wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, na Mafia iliumia vibaya. Tumbawe lililopauka halijafa bado. Baadhi ya magumu huongeza kuwinda. Andréa Grottoli na wenzake waliliona hilo Hawaii kwa Montipora capitata, wakalichapisha mwaka 2006. Matumbawe laini hayana silaha za kuongeza kuwinda kiasi hicho. Na yakifa, nyama inaoza na hakuna mifupa inayobaki, kwa hiyo mpiga mbizi anayefika miezi michache baadaye anakuta mwamba mtupu na hawezi kujua kulikuwa na nini. Nina hakika hasara ya matumbawe laini imehesabiwa pungufu kwa sababu hiyo.

Kuhusu Ziwa Victoria, sababu kubwa ni chumvi. Mwili wa tumbawe una ukolezi wa chumvi unaolingana na wa bahari, na mnyama huyu hana viungo vya kutoa maji ya ziada. Ukimweka kwenye maji baridi, maji yanaingia ndani ya seli mpaka zinapasuka. Hata tungeliweka chumvi ghuba yote, mwanga usingetosha. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha kwamba maji ya ziwa hili yalivyofifia mwanga, furu majike walishindwa kutofautisha rangi za madume wa aina yao, na aina za furu zikapungua mahali maji yalipochafuka. Ikiwa samaki aliye karibu na mwenziwe haoni rangi vizuri, mwani ulio ndani ya ngozi ya tumbawe mita chache chini ungepata nini? Lakini ukoo wenyewe maji baridi unayaweza: Ziwa Tanganyika lina konyeza wadogo wa Limnocnida, na yupo hidra wa kijani wa maji baridi anayebeba mwani wa Chlorella ndani ya seli zake na kula sukari yake, huku akiwinda kwa minyiri.

Kwa darasa lako nashauri jaribio hili. Chukueni maji ya ziwa kwenye chupa tatu safi zinazoonyesha ndani. Ya kwanza iachwe ilivyo. Ya pili na ya tatu zitiwe punje mbili tatu za mbolea ya DAP, ambayo ina nitrojeni na fosforasi. Ya tatu ifungwe yote kwa karatasi nyeusi. Zote zikae dirishani penye mwanga, vifuniko vikiwa vimelegezwa, na wanafunzi waandike rangi ya kila moja kila asubuhi. Ya pili ndiyo itakayokuwa kijani zaidi. Ya tatu ina mbolea ileile bila mwanga. Ya kwanza ina mwanga uleule na mbolea kidogo, na hali yake ndiyo iliyo karibu zaidi na ya mwani ulio ndani ya tumbawe. Mtu asiyaonje maji hayo, na mikono inawe kwa sabuni. Mkimaliza, myamwage kwenye bustani ya shule, si ziwani.